Stika ya Baba Mdogo

Haya wandugu, nimepotea. Wengine mmenisimamisha kule kantini mkaniuliza, "Vipi mwalimu, kalamu imekauka?" Haijakauka. Nilikuwa na jambo, na kila nikikaa niandike kingine, naona nitakuwa nawadanganya.

Sasa ni saa tano na kitu usiku, hapa Malimbe. Mwenzangu wa chumbani kalala, feni inalia kama mtu anasaga karanga, na kesho asubuhi nina jaribio la Saikolojia ya Elimu. Nimefungua daftari mara tatu, macho yanapita juu ya maandishi kama basi lisilosimama vituoni. Basi nimeona isiwe taabu, niliandike hili kwanza. Limenikaa kooni tangu Agosti.

Ni jambo la gari. Najua mtacheka, maana mimi hata baiskeli nilijifunza nikiwa kidato cha tatu. Gari lenyewe ni la baba mdogo, pikapu ya zamani, rangi yake hata yeye mwenyewe hawezi kukwambia. Sisi kwetu ni Ngara, Wahangaza, na baba mdogo anafanya biashara ya ndizi na maharage. Ananunua vijijini, anapeleka Benaco, pale malori ya Rusumo yanapopumzika. Kwa wasiopajua, Benaco ni jina la kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara, jina likabaki, na mwaka 1994 ndipo palipokuwa na ile kambi kubwa ya wakimbizi wa Rwanda, zaidi ya watu laki mbili walipovuka Rusumo kwa muda wa siku moja hivi. Siku hizi ni mahali pa chipsi, malori na mizigo. Baba mdogo anapapenda kuliko kwake.

Pikapu aliinunua 2018 kwa mzee mmoja wa Biharamulo. Wakaandikishana kwenye karatasi mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, wakapeana mikono, mzee akamkabidhi kadi ya gari, kwisha habari. Kwenye kioo cha mbele, upande wa abiria, kuna stika ya road license ya 2016, imepauka mpaka imekuwa kama karatasi ya maandazi. Mimi nilikua naiona hiyo stika kila tukipanda. Siku moja nikamuuliza, "Baba, hii si imeisha?" Akacheka sana. "Mama, hiyo alishaifuta Magufuli."

Na kweli. Hapo baba mdogo alikuwa sahihi kabisa, na ndiyo maana nataka kulieleza vizuri, kwa sababu watu wengi wa kwetu wanalichanganya na mimi nililichanganya. Zamani kila mwaka mwenye gari alilipia ada ya leseni ya gari, anapewa stika, anaibandika kiooni. Ikiisha, trafiki anakusimamisha hata kabla hujazima injini, anaiona tu. Wengine walikuwa na madeni ya miaka mitano, sita, gari limekaa nyuma ya nyumba kuku wanataga ndani lakini deni linapanda. Juni 8, 2017, Waziri wa Fedha wa wakati ule, Dkt. Philip Mpango, akasoma bajeti akasema ada hiyo ya kila mwaka inafutwa, na badala yake ikaongezwa shilingi 40 kwenye kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Madeni ya nyuma yakasamehewa. Nakumbuka nilikuwa mdogo, watu walishangilia pale kwenye redio ya dukani kama Taifa Stars imefunga. Bibi yangu ambaye hana gari wala hajawahi kuwa nalo, ila ana koroboi, aliuliza swali moja tu: "Sasa mimi nalipia gari la nani?" Hakuna aliyemjibu.

Kwa hiyo hapa kwetu usajili wa gari hauishi muda kila mwaka kama nchi nyingine. Kuna jamaa yetu yuko Marekani anasema kule namba ya gari inabandikwa kijistika cha mwezi na mwaka, ukipitisha tarehe unapigwa faini. Sisi gari linasajiliwa mara moja, namba inakaa nalo. Lakini (hii lakini ndiyo imenifikisha hapa) iliyofutwa ni ada ile peke yake. Bima haikufutwa. Leseni ya udereva haikufutwa. Wajibu wa kubadilisha jina kwenye kadi ukinunua gari la mtu haukufutwa. Ila ukikaa kijiweni pale Nyakahura au Rulenge utasikia mtu mzima na ndevu zake anasema, "mambo ya stika yalishakwisha," na anaweka vyote kwenye kapu moja.

Baba mdogo si wa hivyo. Bima alikuwa anakata kila mwaka. Bima ndogo, ile ya kumlipa mtu mwingine utakayemuumiza, siyo ya kukutengenezea gari lako. Alikuwa anamtumia mtoto mmoja wa jirani aliyekuwa anafanya kazi Biharamulo mjini, yule akahama. Mwaka huu, yaani 2025, mwezi wa pili, akanipigia mimi.

"Mama, si uko Mwanza? Huko mawakala si wamejaa?"

"Wamejaa baba."

"Basi nakutumia hela na picha ya kadi. Unikatie. Inaisha tarehe ishirini na tatu."

Akatuma laki moja na ishirini, na ya kutolea juu yake.

Sasa jamani, nitasema ukweli, na nyie mnaonijua mtanisamehe au mtanicheka, yote sawa. Bumu lilikuwa limeisha. Siyo kwamba lilichelewa, liliisha, nililimaliza mwenyewe. Nilinunua simu mpya Desemba kwa sababu ile ya zamani ilikuwa inaniaibisha kwenye kundi la darasa. Halafu kulikuwa na michango miwili ya send-off, halafu na kodi ya chumba. Februari ile nilikuwa nakula mkate na chai ya rangi mara mbili kwa siku na kujifanya nafunga. Hela ya baba mdogo ilipoingia, simu ikaita ule mlio, nikajisemea: naazima wiki mbili tu. Kuna kazi ya kuchapa nilikuwa nimeahidiwa. Nikalipa deni la mama wa chakula, elfu arobaini na tano. Nikanunua mchele. Nikasuka. Ndiyo, nilisuka, andikeni hivyo hivyo.

Tarehe ishirini na tano akapiga. "Umekata?"

"Tayari baba."

"Stika utanitumia na basi?"

"Siku hizi hakuna stika ya karatasi baba, inaingia kwenye mtandao. Trafiki akiandika namba ya gari anaiona kwenye mfumo wa TIRA."

Na hilo nalo ni kweli. Hapo ndipo panaponiuma. Sikumdanganya kwa uongo mtupu. Nilimpa neno moja la uongo nikalizungushia maneno ya kweli kama mtu anavyofunga ndizi moja mbovu katikati ya mkungu. Akafurahi. Akasema, "Ndiyo faida ya kusomesha." Kazi ya kuchapa haikuja. Machi ikapita. Bumu la awamu nyingine likaja, nikasema nitakata wiki hii, nikasema tena, halafu nikaacha hata kusema. Nikazoea. Mtu anazoea.

Julai tukaenda TP, yaani mazoezi ya kufundisha. Mimi nilipangiwa sekondari moja ya kata huko Biharamulo, si mbali na barabara kuu ya kwenda Rusumo. Nilifurahi maana ni karibu na nyumbani. Safari yenyewe ilikuwa raha, daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa ndiyo kwanza limefunguliwa Juni 19. Yule anayejua foleni ya kivuko ya zamani, watu wanashuka, wananunua samaki, wanapanda, wanashuka tena, anajua kwa nini basi zima lilipiga makofi tulipofika ng'ambo. Sengerema, Geita, Katoro, Bwanga, Biharamulo, halafu lile pori refu. Wazee wanasimulia zamani mabasi yalikuwa yanapita hapo kwa kusindikizwa na polisi wenye bunduki kwa sababu ya majambazi. Sisi tulipita tunasikiliza Bongo Fleva, kondakta amelala.

Nilikuwa nafundisha Kiswahili na Uraia. Nitawaandikia siku nyingine habari za TP, kuna vituko vingi, kuna siku mkaguzi wangu kutoka chuoni aliingia darasani nikiwa nimeandika tarehe ya jana ubaoni. Leo nataka kusimulia kipindi kimoja tu. Uraia, kidato cha pili, mada ya wajibu wa raia. Mtoto mmoja nyuma akanyoosha mkono. Anaitwa na wenzake Mzee, ana sauti nzito.

"Mwalimu, kama road license ilifutwa, kwa nini baba yangu juzi kaandikiwa faini ya elfu thelathini pale barabarani?"

Darasa likacheka. Nikamuuliza kosa lilikuwa nini. Akasema bima. Basi nikaeleza. Na nilieleza vizuri jamani, mkaguzi angeniona siku hiyo angenipa A. Nikachora ubaoni gari, nikaandika vitu vitatu. Cha kwanza kadi, kwamba gari ni la nani. Cha pili leseni, kwamba anayeendesha anaruhusiwa. Cha tatu bima, kwamba akimgonga mtu, yule mtu hatabaki hivi hivi. Nikawaambia kila kimoja kina sheria yake: kuna Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, ambayo ni Sura ya 168, na kuna Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, jirani yake. Nikawaambia ile elfu thelathini ni faini ya papo kwa papo ya gari, kwamba kwa bodaboda na bajaji ilipunguzwa 2021 ikawa elfu kumi, kwamba usipolipa ndani ya muda inaongezeka, na kwamba kulipa faini hakukupi bima. Unalipa faini asubuhi, jioni ukisimamishwa bado huna bima.

Mzee akauliza tena. "Na asipomgonga mtu?"

"Basi amepoteza hela ya bima," nikasema.

"Sasa si bora asikate?"

Wakacheka tena. Mimi nilitabasamu na chaki mkononi, moyo unapiga kama mtu anabomoa ukuta. Nikaangalia saa. Nikasema tutaendelea kipindi kijacho.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Jumamosi yake, saa nne asubuhi, nilikuwa nafua pale kisimani na mwalimu mwenzangu wa mazoezi. Simu ikaita. Baba mdogo. Nikajua kwa ule mlio tu, sijui kwa nini, mlio ni uleule wa siku zote.

Alikuwa kaweka sauti kubwa, nasikia watu wengi, nasikia malori. Akasema, taratibu kabisa, "Mama, niko Benaco. Nimemgusa mama mmoja wakati narudi nyuma. Kaumia mguu. Afande hapa anaandika namba ya gari anasema bima iliisha Februari. Hebu mwambie ulikata kwa wakala gani."

Nikasikia sauti nyingine, ya kiume, ya heshima tu: "Habari yako binti. Una risiti?"

Mimi nikasema, "Halo? Halo? Baba, mtandao unasumbua." Nikakata.

Mtandao ulikuwa haujasumbua hata kidogo. Kule Biharamulo mtandao unasumbua kila siku, siku ile ulikuwa safi kama maji ya chupa.

Nikakaa kwenye ndoo. Mwenzangu akaniuliza kuna nini, nikamwambia sabuni imeniingia machoni. Nilimpigia baba mdogo jioni, saa mbili usiku, nikiwa nyuma ya choo cha walimu ambako hakuna mtu. Nikamwambia yote. Hela ilivyoingia, mama wa chakula, mchele, nywele. Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani salio limekwisha. Halafu akasema, "Haya." Nikasema baba nisamehe. Akasema, "Haya mama. Yule mama yuko hospitali. Mguu umevunjika sehemu mbili. Wanasema aende Bugando." Halafu akauliza kama nimekula.

Nataka niwaeleze kilichofuata kwa upande wa sheria, maana ndicho nilichojifunza, na hakuna aliyenifundisha darasani.

Kwanza, gari likabaki kituoni. Hilo tulitegemea. Pili, afande akaangalia kadi, akaona jina siyo la baba mdogo. Jina ni la yule mzee wa Biharamulo aliyeuza 2018. Kwa macho ya karatasi, ile pikapu bado ilikuwa ya mzee, miaka saba yote. Ile karatasi ya kwa mwenyekiti wa kitongoji inasaidia kuonyesha kwamba watu waliuziana, lakini haibadilishi kadi. Kubadilisha ni TRA, wote wawili muuzaji na mnunuzi, na mkataba, na picha, na ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya bei pamoja na ada zao nyingine. Baba mdogo alikuwa anasema "tutabadilisha mwakani," mzee naye hakufuatilia kwa sababu hela yake alishakula. Sasa mzee akaitwa kituoni. Mtu wa miaka sabini na kitu, kutoka Biharamulo mpaka Ngara kwa basi, kuja kueleza gari ambalo hata mlio wake kashausahau. Alikuja na hasira, na haki yake. Maana ile sheria ya bima haimgusi dereva peke yake. Inamgusa na mwenye kuruhusu gari litumike barabarani bila bima. Na kadi inasema mwenyewe ni nani? Ilibidi baba mdogo alete mashahidi wa mauziano ndipo mzee akaachwa arudi kwake. Aliondoka bila kuaga. Baba mdogo alimpa nauli, hakuipokea.

Tatu, na hili ndilo wengi hawalijui, suala la kumgonga yule mama na suala la bima ni mambo mawili tofauti. Ndugu zake walikuja nyumbani, wazee wa pande zote wakakaa, wakakubaliana kwamba baba mdogo atagharamia matibabu mpaka atembee. Waungwana sana. Baba mdogo akadhani yameisha. Hayakuisha. Makubaliano ya wazee hayafuti kosa la kutokuwa na bima, lile ni la jamhuri. Akapelekwa mahakamani. Kosa hilo linabeba faini au kifungo, na mahakama inaweza kumzuia mtu kuendesha kwa kipindi fulani.

Hakimu akamuuliza kwa nini hukuwa na bima. Shangazi alikuwepo, ndiye aliyenisimulia, bila kujua anamsimulia nani.

Alisema, "Nilisahau mheshimiwa."

Akapigwa faini, akalipa kwa hela ya kahawa, ile ambayo ilikuwa ya kuezeka.

Bima ile ingekuwepo ingefanya nini? Nimelikokotoa hili mara nyingi usiku kuliko hesabu yoyote niliyowahi kufanya. Ingekuwepo, afande angeandika namba akaona iko hai. Kampuni ya bima ingepokea madai. Gharama za hospitali na fidia ya yule mama zingedaiwa kwao kwa mujibu wa sheria. Wangesumbua, wangetaka ripoti ya polisi, fomu hii na fomu ile, siwezi kusema ingekuwa rahisi. Lakini ng'ombe wangekuwa zizini. Baba mdogo ameuza ng'ombe wawili. Halafu akaiuza na pikapu yenyewe, na safari hii akabadilisha kadi, ilibidi amfuate mzee mpaka Biharamulo kumpigia magoti ili aje asaini kwanza. Sasa anakodi bodaboda kupeleka maharage Benaco. Jumla mpaka leo ni milioni mbili na laki tatu. Kwa laki moja na ishirini.

Kule kwetu mpakani sheria hizi za karatasi zilizoisha muda tunazichekea sana. Pale Kabanga unaona gari la namba ya Burundi, kibali chake cha kukaa nchini kilishapita, mwenyewe analipaki kwenye migomba analifunika na majani, na watoto wanajua hawatakiwi kusema. Pale barabara ya Rusumo magari ya IT, yale yanayopelekwa Rwanda na Kongo yakitoka bandarini Dar, yanabeba abiria wakati hayaruhusiwi, na sisi tunayapenda kwa sababu ni mapya na yanakimbia. Nimeyapanda mara mbili mwenyewe. Wala sikuwahi kujiuliza nikivunjika humo nitamdai nani. Siandiki haya kwa kuwahubiria, mimi nitahubiri nini sasa. Nasema tu kwamba kwetu karatasi iliyoisha muda ni hadithi ya kuchekesha mpaka itokee siku ya Benaco.

Baba yangu mzazi hajui. Baba mdogo hakumwambia mtu. Kwenye kikao cha ukoo walimsema sana, kwamba mtu mzima anasahauje bima, na baba yangu ndiye aliyesema kwa ukali kuliko wote. Mimi nilikuwa nimetoka TP, nimekaa kwenye mkeka na akina mama, nachambua maharage. Baba mdogo aliinamisha kichwa. Hakuniangalia hata mara moja. Angeniangalia nadhani ningesema. Au nisingesema. Ukishazoea huwezi kujiamini.

Kwa hiyo ndugu yangu yeyote wa Ngara akisoma hapa, na najua wapo wawili watatu, basi mmeshajua. Likizo ijayo nitamwambia baba mwenyewe, nawaomba mniachie hilo.

Sasa yule mama. Baada ya Bugando ilibidi awe anarudi kliniki, kwenda na kurudi Ngara asingeweza na ule mguu, kwa hiyo anakaa kwa mdogo wake Buhongwa. Baba mdogo aliniomba, siyo kuniamuru, aliniomba, "Mama, kwa kuwa uko hukohuko, uwe unampitia." Tangu chuo kilipofunguliwa nampitia kila Jumamosi. Napeleka unga wa uji, sabuni, wakati mwingine dagaa. Natoa kwenye bumu. Baba mdogo nampunguzia elfu hamsini hamsini, kwanza alikuwa anazirudisha, sasa hazirudishi tena, na hapo ndipo nilipojua hali ni mbaya kweli.

Mwanzoni nilikuwa siwezi kumwangalia usoni. Yeye ananifurahia kwa sababu naongea naye Kihangaza, hapo Buhongwa watoto wa mdogo wake wanaongea Kiswahili na Kisukuma tu, anasema anakaa kama bubu. Ananiita Mwalimu. Ananisimulia mambo ya Benaco ya enzi hizo, alivyokuwa binti mdogo akiuza ndizi mbivu kwa wazungu wa misaada. Anatembea kwa mkongojo, mguu umekuwa mfupi kidogo. Kubeba ndizi kichwani hawezi tena, anasema ataanza kuuza mkaa kwa kukaa.

Jumamosi iliyopita nilimkuta amekaa nje kwenye kigoda, ananyoosha mguu juani. Nikamsaidia kuosha vyombo. Akaniuliza tu, ghafla, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya:

"Mwalimu, hivi hiyo bima wanayosemaga ni nini hasa? Siku ile nilisikia afande anasema 'bima, bima,' mimi niko chini naumwa. Ni dawa?"

Nikamweleza. Kadi, leseni, bima, kama nilivyowaeleza kidato cha pili. Alinisikiliza vizuri sana kuliko wao.

"Kumbe," akasema. "Sasa na huyo baba yako mdogo, mtu mwema vile, alisahauje?"

Sufuria ilikuwa mkononi mwangu. Nikaiweka chini. Nikamwambia hakusahau, alinitumia mimi hela. Nikamwambia na nilichofanyia. Nilipofika kwenye nywele sauti ikaisha.

Hakulia wala hakunifukuza. Aliangalia mguu wake kwa muda, akaugeuza ukapate jua upande wa pili. Akasema, "Kwa hiyo ulisuka." Nikasema ndiyo mama. Akauliza ni mtindo gani. Nikamwambia. Akanyamaza.

Nilipoaga aliniambia dagaa wa wiki iliyopita walikuwa na mchanga, wa safari hii niwaoshe mara mbili kabla sijaleta. Sijui maana yake ni nini. Nimeshanunua, wako kwenye ndoo hapa chini ya kitanda, mwenzangu wa chumbani analalamika harufu.